Kizungu cha Kila Siku

Jumatatu, tarehe 6 Januari

Leo nimesema uongo. Mdogo tu. Lakini umeshaanza kukua.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nilikwenda kumtoa Salsabil ukutani. Ukuta wa chekechea ya Mwalimu Alawiya, hapa hapa Mtongwe, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwanangu ana miaka minne. Kila siku huenda akaegemea pale nje, akaimba na watoto walio ndani. Maneno hayajui, anayabuni. Wenzake wakipiga makofi, naye anapiga. Karo hatuna, basi darasa lake ni ukuta. Nikimwona pale nageuza uso.

Leo Mwalimu Alawiya alitoka nje mwenyewe. Nikadhani anatufukuza. Kumbe anatafuta msaidizi wa beibi klasi! Mshahara ni wa sukari na majani, akasema, lakini msaidizi hupewa nafasi ya mtoto mmoja, bure, mpaka amalize chekechea. Sharti moja. Jumamosi usimame mbele ya watoto, uwaambie kwa Kizungu mambo unayofanya kila siku. Naamka. Naosha uso. Nakunywa chai. Akaniuliza kama Kizungu nakijua.

Nikamwambia nakisema kila siku.

Ukweli uko hapa daftarini peke yake: niliacha shule darasa la sita. Kizungu nilichobaki nacho ni kumwamkia mwalimu, na hicho nacho tulikisema darasa zima kwa pamoja. Mmoja mmoja sijawahi.

Nikageuka. Nyuma yangu nani? Mama Lynnette! Roseline wa chumba cha pili, mtu wa bara, mumewe Clifford yuko kiwandani Changamwe. Huyu Kizungu chamtoka bila kukiita. Hata sufuria huzigombeza kwa Kizungu. Akasema naye atakuja Jumamosi. Akanitakia heri. Kwa Kizungu!

Mpango: nijue Kizungu kabla ya Jumamosi. Siku tano zinatosha. Wazungu wenyewe huanza wakiwa hawana meno.


Jumanne, tarehe 7 Januari

Kitabu nimekipata! Si kizima, lakini kitabu.

Yupo Nguma, muuza njugu wa kule kivukoni Likoni. Njugu zake huzifunga kwa kurasa za vitabu vikuukuu. Leo nimemkuta akichana kitabu cha Kizungu cha wanaoanza, karatasi baada ya karatasi, kama anayechuma mchicha. Nikapiga ukelele. Watu wakageuka wakidhani nimeibiwa. Nikamsihi anipe kilichobaki. Akasema sawa, ila ninunue njugu. Nikanunua. Akazifunga kwa ukurasa wa kumi na tano, hivi nikimwona!

Zimebaki kurasa kumi na nne za mwanzo. Zote ni habari za bwana mmoja, Mister Hobbs. Anaamka saa kumi na mbili kila siku. Anakunywa chai kila siku. Anasoma gazeti, anatembeza mbwa, anarudi, analala. Kila siku! Hapati mgeni. Haendi mazikoni. Haumwi hata kidole. Ya jana hayamo, ya kesho hayamo, yote yamefungiwa njugu. Nimemwonea huruma, lakini nimefurahi pia. Mwalimu ametaka mambo ya kila siku, na hapa hapana mengine.

Baba Salsabil, yaani Rashad wangu, amerudi na tuktuk yake kula chakula cha mchana. Nikaanza mazoezi papo hapo. Alipoinua kikombe nikamwambia, "You drink tea." Akaniangalia. Akauliza kwani nilidhani hajui? Alipokaa nikamwambia amekaa. Aliposimama nikamwambia amesimama. Akasema wallahi hakujua kwamba ameoa askari, na akaenda kumalizia chai kibandani kwa Kadenge, muuza chai na bhajia.


Jumatano, tarehe 8 Januari

Ukurasa wa kumi na nne una zoezi. Andika sentensi kuhusu watu wanaokuzunguka na mambo wafanyayo kila siku. Ah! Hapo nilistarehe. Ua wetu una vyumba sita, bafu moja na mfereji mmoja. Mambo ya kila siku ya watu nayajua kuliko yangu.

Nikaandika karatasi mbili, kwa Kizungu cha kubahatisha. Ya kwanza, mimi: naamka, naosha uso, napika. Ya pili, majirani, na hapo kalamu ilikwenda yenyewe:

Bi Mwidani, mwenye nyumba wetu, hulala mkekani baada ya chakula cha mchana. Hufungua kinywa. Akiamka husema hakulala, alikuwa akipumzisha macho.

Absalom, bawabu wa godauni, huimba nyimbo za kanisani bafuni. Huimba beti zote. Watu husubiri.

Rashad husema daktari amemkataza bhajia. Hula bhajia kwa Kadenge.

Mama Lynnette hugombeza sufuria. Huunguza chapati kila siku.

Sasa nani wa kunisahihishia? Mama Lynnette peke yake. Na yeye ndiye mshindani wangu! Nikafikiri mpaka mbaazi zikashika chini. Nikapata.

Sahani. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Mama Lynnette alipohamia hapa alirudisha ya kwanza ikiwa imeoshwa ikang'aa, haina hata ndizi moja. Bi Mwidani akamwita pembeni, akamfunza. Tangu siku ile mwanamke huyu hajakosea tena. Basi nikapanga mahamri manne, chini yake nikatia ile karatasi ya kwanza na peni. Nikamtuma Salsabil. Nikamwambia amweleze Mama Lynnette kwamba ni sentensi za binamu yangu wa Miritini, anaomba zitazamwe.

Salsabil alisimama mlangoni kwake na kusema kwa sauti ya ua mzima: mama asema hizi si zake.

Saa kumi ikaja sahani yake badala ya yangu. Chapati mbili, nyeusi kote, hizi ziliunguzwa kwa makusudi. Na karatasi, imesahihishwa kwa wino mwekundu.

Ya majirani! Nilitia karatasi siyo!

Nimeisoma nikiwa nimejifunika leso. Amenyoosha kila sentensi, ya Bi Mwidani, ya Absalom, ya Rashad. Yake mwenyewe ameinyoosha pia. Ila pale nilipoandika huunguza chapati kila siku, amekata "kila siku", juu yake ameandika "sometimes". Nikamuuliza Rashad hilo ni neno gani. Akasema ni "mara nyingine".

Hakuna neno jingine. Hakunisuta. Jioni mfereji ulipotoka maji alinipisha nikinge mbele yake, akauliza binamu yangu hajambo.

Nikasema hajambo sana.


Alhamisi, tarehe 9 Januari

Sahani yake niko nayo. Hairudi tupu. Nimepeleka viazi karai, na chini yake karatasi ya kwanza, ile yenyewe hasa. Imerudi na omena wa kukaanga, dagaa wa kwao bara, na wino mwekundu. Nikapeleka kaimati. Ikarudi na ndizi, na sentensi tatu mpya ambazo sikuzitaka lakini nzuri. Nikapeleka mkate wa sinia! Ikarudi na omena tena, na hapo ikalala kwangu.

Mfereji ukitoka hatuzungumzi lolote. Yeye hajui mimi sijui, na mimi sijui yeye anajua. Sahani ndiyo inayojua.

Unga umekwisha. Rashad ameuliza kwa nini yeye anakula omena na mke wake ni mtu wa pwani. Nikamwambia ni karo. Hakuelewa, akala.

Salsabil ameniuliza Jumatatu ataimba ndani au nje. Nikamwambia ndani, inshallah. Halafu nikaenda kukariri mpaka ulimi ukakauka. Ya kwangu mimi hayaingii kichwani. Naosha uso kabla sijaamka. Ya majirani yameingia yote, bila jasho.


Ijumaa, tarehe 10 Januari

Siku mbaya!

Asubuhi nilikuwa na nguo za kufua. Nikabana karatasi ya majirani kwenye kamba kwa kibanio, nifue huku nakariri. Nikaenda kuchota maji. Upepo ukapiga. Karatasi ikaruka, ikatua wapi? Mkekani kwa Bi Mwidani. Akaiokota. Kizungu hakijui, lakini jina lake analijua, na lipo juu kabisa, lina mstari chini.

Akauliza ni barua ya serikali? Wanataka kuubomoa ua wake? Akaita Mama Lynnette aje amsomee.

Nilisimama na ndoo.

Mama Lynnette akaishika karatasi. Akaitazama. Akanitazama. Akakohoa. Kisha akasoma, kwa Kiswahili, bila kupepesa. Kwamba Bi Mwidani ni mama mpole ambaye hufungua mlango wake kwa kila mgeni. Kwamba Absalom ana sauti ya kuwaliwaza watu. Kwamba Rashad humtii daktari wake. Na kwamba Mama Lynnette, hapo akanigeukia taratibu, hupika chapati ambazo hazina mfano Likoni nzima.

Bi Mwidani alifurahi mpaka akajifuta macho. Akaniita, nikamwambia abee. Akasema hakujua kwamba nampenda hivi, mwanangu, na kwamba nimesoma hivi. Nikamshukuru Mungu. Halafu akasema karatasi ataichukua yeye. Alasiri ataipeleka kwa Alawiya, mtoto wa kakake, amsomee tena polepole.

Alawiya! Mtoto wa kakake! Mtaa mzima wajua, na mimi najua, na nilisahau!

Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye fundo la leso.

Mpango: kuitoa kabla ya alasiri. Nilijua saa na nilijua mahali. Si nimeandika mwenyewe? Nikaandika karatasi nyingine upesi, ya sifa tupu, nibadilishe. Saa nane, baada ya chakula, Bi Mwidani akajinyoosha mkekani. Akalala. Akafungua kinywa. Nikajongea kwa magoti. Ncha ya leso ilikuwa karibu na kiuno chake. Fundo la wazee, gumu kama kokwa. Nikaanza kwa kucha. Halikuja. Nikatia meno.

Bafuni Absalom akaanza kuimba. Kila siku, saa nane na robo, kabla ya zamu yake ya usiku! Ubeti wa kwanza. Fundo likalegea kidogo. Ubeti wa pili, ule wa juu. Bi Mwidani akafumbua macho. Akanikuta nimeuma leso yake.

Nikasema kulikuwa na sisimizi.

Akanishukuru. Akaongeza kwamba hakuwa amelala, alikuwa akipumzisha macho. Akainuka, akajitanda, akaenda kwa Mwalimu Alawiya. Nikamfuata kwa macho mpaka akaingia lango lile lile.

Kwa kukosa mshauri, nikamweleza Rashad kila kitu. Alicheka mpaka nilipofika kwenye sentensi ya bhajia. Hapo akakumbuka kuna abiria anamsubiri.


Jumamosi, tarehe 11 Januari

Nilitaka nisiende. Salsabil alishaamka, ameoga, amevaa gauni la Idi. Nikaenda.

Watoto kumi na wawili wamekaa mkekani. Mwalimu Alawiya mezani. Mbele yake karatasi, naijua hata ikiwa imekunjwa. Alitujulia hali vizuri tu, akauliza na shangazi huko uani, anapumzika? Nikasema anapumzika.

Mama Lynnette akatangulia. Kizungu kikamwagika! Kirefu, cha haraka, chenye maneno makubwa. Watoto wakamtumbulia macho. Mmoja wa nyuma akalia akamtaka mamake. Nikaanza kuona tumaini.

Zamu yangu. Nikasimama. Mister Hobbs akanitoka, na mbwa wake. Naosha uso ikanitoka. Kichwa cheupe. Nikatazama dirishani, Salsabil yuko pale ukutani, ameshika nondo kwa mikono miwili.

Mwalimu Alawiya akaisukuma ile karatasi mbele yangu. Akasema nisome hii basi.

Nikasoma. Ningefanya nini? Na watoto walipokuwa hawaelewi nikawaonyesha. Bi Mwidani analala, nikafungua kinywa. Wakafungua vinywa kumi na viwili. Absalom anaimba, tukaimba, tukasugua migongo. Rashad anakula bhajia, tukala tukitazama nyuma kama daktari anakuja. Mama Lynnette anagombeza sufuria. Walizigombeza! Kwa Kizungu! Aliyekuwa akilia alikuwa wa kwanza. Mwalimu Alawiya aliinama chini ya meza kutafuta chaki, akakaa huko muda mrefu, mabega yakimtikisika. Hata Mama Lynnette alijifunika uso.

Alipoinuka akasema vizuri sana. Sasa niwaambie watoto nilifanya nini jana.

Jana.

Ya jana iko kwenye njugu, kule kivukoni. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa Kiswahili. Na sijui kwa nini, nikamwambia na la darasa la sita.

Hakucheka. Akasema anayekaa na watoto lazima aweze kuwaandikia wazazi, mtoto leo alianguka, jana hakula. Kazi amempa Mama Lynnette. Nikasema ni haki, na ni haki. Akanirudishia karatasi. Akasema shangazi yake amesomewa kwamba ni sifa tupu, na itabaki hivyo.

Njiani Salsabil alifungua kinywa kama Bi Mwidani mpaka tukafika nyumbani. Akauliza, basi Jumatatu ndani? Nikamwambia twende kwanza tukale.


Jumapili, tarehe 12 Januari

Sahani ya Mama Lynnette bado iko kwangu. Nyeupe, ina maua ya buluu. Tangu Alhamisi.

Nimeizunguka tangu asubuhi. Nilifikiri niirudishe tupu, ajue. Nikaiosha. Nikaikausha. Nikafika nayo mlangoni, nikarudi. Mkono ulikataa. Nimefunzwa na mamangu, na mamangu alifunzwa na mamake, hapakuwa na siku ya hasira katika mafunzo yale. Nikaazima unga kwa Bi Mwidani. Nikapika mahamri sita, nikamtuma Salsabil na neno moja: hongera.

Imerudi saa hiyo hiyo. Mama Lynnette mwenyewe ndiye aliyeileta, mara ya kwanza. Chapati moja, nyeusi upande mmoja. Akasema ile ni "sometimes". Akasema nile kwanza, nitazame chini baadaye. Akaondoka.

Chini ya chapati kulikuwa na fomu ya chekechea. Imepigwa muhuri. Jina: Salsabil Rashad. Nafasi ya mtoto wa msaidizi. Lynnette wake yuko darasa la nne, beibi klasi ataifanyia nini? Kuna na kikaratasi, kwa wino mwekundu, sentensi moja. Nimeisoma peke yangu, bila Rashad, bila mtu. Salsabil goes to school every day.

Nimekula ile chapati yote, na pale palipoungua.


Jumatatu, tarehe 13 Januari

Ameingia! Ndani! Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilikaa ukutani kidogo, pale pake, nikasikiliza. Maneno bado anayabuni, lakini sasa anayabuni kwa ndani.

Nimekoma. Nimejiapia. Uongo sisemi tena, karatasi siandiki tena, ya watu nawaachia watu.

Baada ya adhuhuri Bi Mwidani akaniita. Akasema ile karatasi yake imempa hamu. Anataka ajue Kizungu, asome mwenyewe, asisomewe. Absalom naye akatoa kichwa bafuni akasema hata yeye. Wakaniuliza kama naweza kuwafunza.

Nilitaka kusema ukweli. Ulifika mpaka menoni. Lakini walikuwa wananitazama vile! Nikasema hiyo ndiyo kazi yangu. Kila siku, saa kumi, chini ya kamba ya nguo. Tutatumia kitabu maarufu, nikasema, cha Mister Hobbs.

Somo la kwanza limekwenda vizuri. Mister Hobbs ameamka, amekunywa chai. Bi Mwidani akauliza mtu huyu hana jamaa? Halafu ikabidi kutoa kazi ya nyumbani. Nikatafuta kichwani kazi nyepesi, isiyoleta matata. Nikawaambia kila mmoja aandike sentensi kuhusu jirani zake na mambo wafanyayo kila siku.

Bi Mwidani akavuta karatasi. Akachonga penseli yake, taratibu, kwa kisu cha jikoni. Akaniuliza, kwa upole kabisa, mtu anayefungua fundo la leso ya mwenzake kwa meno aitwaje kwa Kizungu.

Nikamwambia hilo liko mwishoni mwa kitabu.

Mpango: kesho asubuhi, kabla hajaandika, nimpelekee sahani.